Kurekebisha Gauni la Harusi Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na fundi wa kike anayeshona peke yake Ngamiani, jijini Tanga, kwa ajili ya mabibi harusi, mama zao na wasimamizi wao. Yanahusu gauni ambalo tayari limeshashonwa, liwe jipya, la mtumba, la kukodi au la kurithi, ambalo sasa linatakiwa kumkaa vizuri mtu ambaye hakupimwa wakati linakatwa.

Nilete gauni muda gani kabla ya harusi?

Wiki kumi kabla ya siku yenyewe ni muda mzuri, na wiki sita ndiyo kiwango cha chini ninachokipokea bila kusitasita. Wengi husubiri hadi ndoa itangazwe, na hapo ndipo tunapobanana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na katika makanisa mengi matangazo husomwa Jumapili tatu, kwa hiyo anayengoja tangazo la kwanza ndipo amtafute fundi hubakiwa na wiki tatu tu. Katika wiki tatu naweza kupunguza urefu na kubana ubavu. Siwezi kuubadilisha mgongo wa gauni, kuongeza mikono ya lesi, kushonea shanga kwa mkono, kisha nikapata nafasi ya kukuona umelivaa tena kabla sijamaliza.

Kalenda nayo huamua mengi. Mwezi wa Shaabani na wiki zinazofuata Idi el-Fitri hujaa harusi za Waislamu. Baada ya Pasaka hufuata harusi za Wakristo waliokuwa wakingoja Kwaresima ipite. Desemba huja walio mbali, ambao hurudi nyumbani na gauni mkononi na harusi Jumamosi ijayo. Kama harusi yako imeangukia mojawapo ya vipindi hivyo, ongeza wiki mbili juu ya hesabu niliyotaja.

Nitahitajika kuja mara ngapi?

Kwa kawaida mara tatu. Mara ya kwanza ninaweka pini na kuandika vipimo. Mara ya pili unalivaa likiwa limepigwa bandi, yaani limeshikwa kwa mishono mirefu ya mkono ambayo ni rahisi kufumua. Mara ya tatu unalivaa likiwa limekamilika, siku saba hadi kumi kabla ya harusi. Hakuna kitambaa kinachokatwa kabla ya ile mara ya pili. Mteja anayekaa Pangani, Muheza au Lushoto naweza kumfupishia safari zikawa mbili, lakini sizipunguzi hadi moja hata akinisihi.

Nije na nini?

Njoo na viatu vile vile utakavyovaa siku ya harusi, si vinavyofanana navyo, pamoja na sidiria na nguo ya ndani ya kubana kama utaitumia. Kisigino kikitofautiana kwa sentimita tatu, pindo lote limeharibika. Sidiria nayo huinua au kushusha kifua kiasi cha kubadilisha mahali pa mishono ya mbele, na bibi harusi aliyepimwa na sidiria laini akaja kuvaa yenye vikombe vigumu huona zipu inagoma katikati ya mgongo.

Njoo pia na mtu mmoja wa kukusaidia kuamua. Nasema mmoja kwa sababu nimeona gauni zuri likipotezwa na kamati: shangazi anataka mikono, wifi anataka kifua wazi, mama anataka mkia mrefu, na mwenye harusi amenyamaza. Usipake losheni wala mafuta mwilini siku ya kujaribisha.

Gauni ni kubwa. Linaweza kupunguzwa kiasi gani?

Kupunguza ndiyo kazi nyepesi zaidi, na mara nyingi saizi mbili hupungua bila umbo la gauni kuharibika. Likizidi hapo, vikombe vya kifua huhama kuelekea kwapani, nakshi za mbele hukatika vibaya ubavuni na mstari wa kiuno hushuka, hivyo inabidi gauni lifumuliwe na kukatwa upya sehemu ya juu yote, jambo ambalo linakaribia kushona jipya. Ikiwa uko dukani na unasita kati ya saizi mbili, chukua ile inayoingia sehemu yako pana kuliko zote, iwe ni kifua au nyonga, na kwingine niachie mimi.

Gauni ni dogo. Kuna namna?

Ipo, lakini lazima kwanza nifungue bitana niangalie ndani, kwa sababu jibu limejificha kwenye ziada ya mshono. Gauni lenye mishono miwili ya ubavuni lina kingo nne. Nikipata sentimita moja ya kuachia kwenye kila ukingo, mzunguko unaongezeka sentimita nne. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayeshindwa kupumua, ila si nafuu kwa mtu ambaye zipu yake imeachana kwa kiganja kizima. Aidha, satini na hariri huwa zinabaki na vitundu vya sindano pale mshono wa zamani ulipokuwa, na kwenye gauni lililokaa miaka mingi mstari wa zamani huonekana kwa rangi, kwa kuwa kilichokuwa kimefichwa ndani hakikufifia pamoja na cha nje. Vitundu hivyo hufunikwa kwa lesi au kwa shanga, na hilo lina gharama yake.

Nafasi isipotosha, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoa zipu na kuweka mgongo wa kamba: vitanzi pande zote mbili, kamba ya satini inayopishana, na nyuma yake kipande cha kitambaa cha kusitiri ngozi. Mgongo wa namna hiyo unaweza kuongeza sentimita nane hadi kumi, na unaweza kukazwa au kulegezwa siku yenyewe, ndiyo maana huwa naupendekeza kwa kila mtu ambaye uzito wake unapanda na kushuka. Kasoro yake ni kwamba huwezi kujifunga mwenyewe. Msimamizi wako lazima aje ajifunze, kwa kuwa kamba iliyofungwa kwa haraka hulegea kabla keki haijakatwa.

Njia ya pili ni kuingiza vipande virefu ubavuni, kama taharizi za kanzu, kuanzia kwapani hadi kwenye pindo. Vipande vya kuishia kiunoni sivipendi, maana kila anayetazama huona kiraka. Vikiteremka hadi chini vinasomeka kuwa ni mtindo. Kitambaa chake hupatikana kwenye mkia wa gauni au kwenye kile kinachokatwa wakati wa kupunguza urefu, na kwa sababu hiyo pindo la gauni dogo sikati kabla sijajua ubavuni kunahitajika nini.

Nina ujauzito, na tumbo litakuwa limekua siku ya harusi. Nifanye nini?

Niambie mapema, na itabaki kati yetu wawili. Gauni lenye kiuno kinachoanzia chini ya kifua hubeba tumbo vizuri, na mgongo wa kamba humaliza shida ya vipimo. Kitu cha kukumbuka ni kwamba tumbo huinua pindo la mbele, kwa hiyo mbele huachwa ndefu kuliko kawaida na kumaliziwa katika siku za mwisho.

Kwa nini kupunguza urefu kunagharimu kiasi hicho, ilhali ni kukata tu?

Kwa sababu gauni la harusi si kitambaa kimoja. Chini ya satini kuna bitana, chini ya bitana kuna tabaka za neti, pengine na neti ngumu ya kulifutua, na kila tabaka lina mzunguko wake wa mita kadhaa na lazima likatwe na kumaliziwa peke yake. Tabaka la juu huachwa likiwa sentimita moja na nusu hadi mbili kutoka sakafuni upande wa mbele, ili ncha ya kiatu isilikanyage; bitana hupunguzwa zaidi kidogo ili isichungulie. Neti yenyewe haihitaji pindo, inahitaji mkasi mkali na mkono usiotetemeka.

Kazi nzito ni pale ukingo wa chini unapokuwa na lesi yenye mawimbi. Ukikata chini, mawimbi yamekwenda. Basi lesi hufumuliwa mzima mzima, kitambaa hupunguzwa, kisha lesi hurudishwa kwa mkono katika urefu mpya, na kwa kuwa mzunguko wa juu ni mdogo kuliko wa chini, lesi hubaki ndefu na inabidi ipishanishwe mahali ambapo maua yake yanakutana. Anayekufanyia kazi hiyo kwa saa moja ameikata lesi yako na kuishona upya kwa mashine. Geuza ndani uone.

Mkia ni mrefu. Nitachezaje ukumbini?

Mkia huinuliwa kwa vifungo vidogo vilivyofichwa katika nakshi za nyuma, na vitanzi vinavyoshonwa upande wa chini. Mkia mwepesi hutosheka na kifungo kimoja, ila mkia mzito wa satini na shanga huhitaji vitano au zaidi, kwa sababu kifungo kimoja kikibeba uzito wote kitachana kitambaa. Namba za utepe huwekwa ndani ili msimamizi ajue kipi kinaingia wapi.

Nataka gauni la kusitiri zaidi. Je, mikono na shingo vinaweza kuongezwa?

Vinaweza, na kwa hapa Tanga ni miongoni mwa kazi ninazozifanya zaidi. Magauni mengi yanayouzwa tayari yamekatwa wazi mabegani, wakati bibi harusi wa Kiislamu atataka kusitirika, na baadhi ya wachungaji na mapadri hawapokei mabega wazi mbele ya madhabahu. Uliza kanisani kwako kabla hatujaanza.

Ugumu hauko kwenye mkono bali kwenye kwapa. Gauni lisilo na mikono hukatwa likibana mwili juu ya kifua na kushikwa na vijiti vya plastiki vilivyo ndani ya bitana. Ukiunganisha mkono moja kwa moja, kila unapoinua mkono kumkumbatia mgeni, gauni zima linapanda. Kwa hiyo huwa nashona kwanza kijinguo cha lesi au neti kinachofunika mabega, kifua cha juu na mgongo, chenye kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi chini ya kwapa cha kuupa mkono nafasi, ndipo nikiunganishe na gauni. Kikitengenezwa kwa vishikizo kinatoka, na gauni likaweza kuvaliwa bila mikono kwenye shughuli ya wanawake peke yao, ambako bibi harusi hukaa jukwaani amepambwa akitazamwa.

Bitana ya mikono ichaguliwe kwa rangi ya ngozi ya mvaaji ikiwa unataka lesi ionekane, au nyeupe ikiwa unataka kusitirika hasa. Neti inayouzwa kwa jina la rangi ya mwili mara nyingi ni ya mwili wa Mzungu, na juu ya ngozi yetu huonekana kijivu. Huwa naichovya kwenye maji ya chai ya rangi iliyokolea hadi ikubaliane na mkono wa mhusika. Neti ya nailoni hushika rangi hiyo, ya poliesta haishiki vizuri, hivyo hujaribiwa kipande kwanza.

Je, linaweza kunifaa kwa kukaa, kusimama na kupiga magoti?

Hilo ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize. Gauni lililopimwa kwa kusimama tu mbele ya kioo linadanganya. Anayekwenda kanisani atapiga magoti na kuinuka akiwa ameshikwa mkono, kwa hiyo nyonga na mapaja vinahitaji nafasi na mbele pasiwe na mkunjo wa kunasa kisigino. Anayeketi jukwaani kwa saa nyingi anahitaji nafasi tumboni, kwani mtu akikaa kiuno hupanuka, na vijiti vya ndani visiwe virefu kiasi cha kumchoma mapaja. Kwangu utakaa kitini, utapiga magoti, utainua mikono na utapanda ngazi mbili za mlangoni kabla sijafunga bitana.

Gauni ni la kukodi. Utaligusa?

Nitaligusa kwa idhini ya mwenye duka, iliyoandikwa. Sikati kitu. Ninabana kwa mshono wa mkono unaofumuliwa baada ya harusi, na urefu ninaukunja kwa ndani. Madoa na mipasuko iliyokuwepo tunaipiga picha sote watatu tukiwa tunaona.

Je, gauni la mtumba au la mama linafaa kuhangaikiwa?

Linafaa kama kitambaa bado kina nguvu. Shika mahali pasipoonekana uvute taratibu pande mbili. Kikilia au kikiachana, hicho hakitavumilia sindano. Ili kujua ni hariri au poliesta, chomoa uzi mmoja kwenye ziada ya mshono uuchome. Wa hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Wa poliesta huyeyuka na kuwa kipunje kigumu. Tofauti hiyo huamua joto la pasi, aina ya sindano na kama maji yanaruhusiwa kabisa, kwa kuwa tone la maji kwenye hariri huweza kuacha alama.

Kwa kitambaa kilichogeuka manjano, tafadhali usijaribu Jik nyumbani. Dawa hiyo huila hariri, na nailoni huifanya kuwa ya manjano zaidi.

Naomba kuongezewa kisutu au kitenge. Inawezekana?

Inawezekana, na mimi mwenyewe naipenda kazi hiyo. Mtindo wa gauni jeupe ulienea Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa amevaa satini nyeupe mwaka 1840, ilhali kisutu ni kanga ya harusi ya pwani yetu, na sioni sababu ya viwili hivyo kugombana katika mwili mmoja. Kisutu hupendeza kikiwa bitana ya mkia, ili kionekane unapoinuliwa, au kikiwa ukanda wa kiunoni.

Tatizo ni rangi. Nyekundu ya kanga hutoka ikilowa, na jasho linatosha kuilowesha. Kanga hufuliwa mara kadhaa hadi maji yatoke meupe, kisha husuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiendelea kuchafua kitambaa hicho, siishoni mahali popote inapogusa ngozi.

Vipi kuhusu hina, singo na udi?

Vitu hivi ni heri ya harusi, na ni maadui wa satini nyeupe. Singo, yaani mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi mwilini, ikiwa na manjano na liwa hubaki kwenye vinyweleo hata baada ya kuoga, na manjano yakigusana na sabuni wakati wa kufua doa lake hugeuka jekundu. Singo ya mwisho iwe angalau siku mbili kabla ya kuvaa gauni. Rojo la hina na la piko likauke, libanduliwe lote, na mafuta yanayopakwa juu yake yafutwe kwa kitambaa.

Udi ufukizwe chumbani na kwenye veli iliyotundikwa mbali, si chini ya gauni. Cheche moja kutoka kwenye chetezo hutoboa neti papo hapo, na tundu la neti halina dawa isipokuwa kushonea ua juu yake. Vikuba vya asumini na rehani navyo huacha madoa ya kijani vikibanwa kifuani. Huwa nashona kimfuko kidogo cha neti mahali pake ili majani yasiguse kitambaa.

Tanga kuna joto. Nitavumilia?

Mwombe fundi abadilishe bitana. Bitana ya poliesta hung'ang'ania mwili ukitoka jasho. Pamba laini hunywa jasho. Kubadilisha sehemu ya juu pekee, kuanzia kifua hadi kiunoni, kunatosha kabisa, na kwa harusi za Desemba hadi Machi nadhani kunafaa kuliko shanga zozote za ziada. Weka pia vilinda jasho vya kwapani vinavyotoka.

Wanaokwenda kupiga picha Raskazone wajue kwamba upepo wa bahari huichukua veli pamoja na kitana. Ninashonea shanga nzito kwenye pembe zake.

Umeme ukikatika kazi yangu itasimama?

Kushona hakusimami, kwa kuwa nina cherehani ya miguu. Kupiga pasi ndiko husubiri. Pasi ya mkaa siiweki juu ya gauni la harusi kwa hali yoyote, kwani majivu hudondoka na joto halipimiki. Gauni huwa nalinyoosha kwa mvuke au kwa pasi ya joto dogo juu ya kitambaa cha pamba, upande wa ndani. Pini pia ninazitumia zisizoshika kutu tu, maana chumvi ya hewa yetu huzishika za kawaida upesi, na doa la kutu kwenye satini halisameheki.

Malipo yakoje?

Bei hutolewa baada ya kuliona gauni kwa ndani, kamwe si kwa picha ya simu. Nusu hulipwa kama arbuni na nusu siku ya kuchukua, kwa fedha taslimu au kwa simu, na kila malipo yana stakabadhi inayotaja kazi zilizokubaliwa moja moja. Kazi inayoongezwa baadaye huandikwa upya. Gauni likishakatwa arbuni hairudishwi. Kabla ya hapo inarudi, ukitoa muda uliokwisha kutumika.

Baada ya harusi nilihifadhi vipi?

Lipeleke kwa mtaalamu wa kusafisha ndani ya wiki moja, hata kama linaonekana safi. Soda na juisi hukauka bila kuonekana, na sukari yake huwa ya kahawia baada ya miezi. Toa mfuko wa plastiki uliokuja nao, kwa sababu katika unyevu wa pwani plastiki hufungia maji ndani na koga huanza. Likunjwe katika shuka jeupe la pamba lililofuliwa na kusuuzwa vizuri, likae kwenye kabati mbali na ukuta, na lifunguliwe lipate hewa kila baada ya masika. Lenye shanga nyingi lisitundikwe, kwani uzito huvuta mabega.

Vipande vilivyokatwa ni vya nani?

Ni vyako, na unakabidhiwa vyote katika mfuko pamoja na shanga zilizong'oka na uzi wa rangi ile ile. Usivitupe hadi harusi ipite: gauni likichanika kwenye mlango wa gari, kiraka kinachofanana nalo kinapatikana humo tu.